Fainali kuu ya mpira wa Australia pale hoteli ya ngazi za chuma, Kilimani

Sa wacha nianze na pesa juu najua ndo kitu mtu huuliza kwanza. Kiingilio ni 300. Na hiyo 300 hailiwi bure, mlangoni unapewa kikaratasi kina mhuri, ukishakaa unampea dada anayehudumia, anakuletea ama chai kubwa na chapati mbili ama supu ya mifupa na chapati moja, kwa hivyo ukipiga hesabu vizuri umekula asubuhi na mechi umeongezewa juu. Chai ya pili ni 50. Unalipa na M-Pesa ama pesa mkononi, yote wanachukua, na hakuna siku nimeona bei imepandishwa katikati ya mechi ati juu watu wamejaa.

Nimeangalia fainali kuu hapo miaka mitatu mfululizo, 2023, 2024 na hii ya 2025, na nimeona niandike yote mara moja juu kila Septemba kuna mtu ananipigia simu kuuliza hiyo mechi mnaangalianga wapi, naanza kueleza upya. Hoteli iko Kilimani, ndani ndani huko penye lami inaisha, ghorofa ya kwanza, unapanda ngazi za chuma ziko nje ya nyumba na zinapiga kelele kila mtu akiingia. Siku za kawaida ni pahali pa ugali matumbo, watu wa mjengo na wa ofisi wanakula mchana wanaenda zao. Lakini hiyo Jumamosi moja ya mwisho wa Septemba wanafungua saa kumi na mbili asubuhi, na ukiona venye wamejipanga utajua mwenye hoteli anaupenda huu mchezo kutoka moyoni, biashara inafuata nyuma.

Mambo ya saa nieleze juu imechanganya wengi. Mechi inachezwa Melbourne, uwanja wa MCG, na inaanza saa nane unusu mchana kwao, ambayo kwetu Nairobi ni saa moja unusu asubuhi. Ni saa nzuri sana ukifikiria. Jumamosi hiyo saa barabara ziko wazi, matatu za Ngong Road hazina jam, na mpira wa Uingereza unaanza saa nane unusu mchana wetu, kwa hivyo hakuna mtu atakuja kuitisha rimoti abadilishe chaneli. Mechi inaisha saa nne hivi, na siku yako yote bado iko mbele, unaenda sokoni, unaenda kufua, unaenda harusi ya watu.

Skrini sasa. Wako na projekta inapiga kwa ukuta mweupe na TV mbili kando. Picha ya ukuta ni kubwa na iko safi, shida ni dirisha linaangalia mashariki, na hapo saa mbili jua linaingia moja kwa moja linafuta nusu ya picha. Mwaka wa kwanza nikaona mama wa jikoni ametoka na aproni yake, amepanda juu ya kiti, amebeba shuka nyekundu ya Kimaasai na misumari miwili mdomoni, akaipigilia juu ya dirisha akitumia mchi wa kinu, akashuka akarudi kwa chapati zake bila kusema neno. Miaka yote mitatu ni hivyo. Shuka ni ile ile, matundu ya misumari ni yale yale. Ikishawekwa chumba kinakuwa na mwanga mwekundu hivi na ukuta unaonekana poa kabisa, na mimi hiyo shuka ikipanda ndo najua fainali imeanza.

Kitu inafanya niwape alama za juu lakini si skrini, kwanza kuna mahotel makubwa mjini yana skrini kali kuliko hiyo. Ni venye hapo unafundishwa mechi. 2023 nilienda sijui kitu, rafiki yangu ndo alinivuta, na nilikuwa nadhani ni raga, juu hiyo miezi Kombe la Dunia la raga lilikuwa linaendelea Ufaransa na macho yangu yalikuwa yamezoea hiyo. Mpira wenyewe ni wa yai kama wa raga, watu wanaangushana, nikasema basi naelewa. Dakika tano tu nikapotea kabisa. Kuna mzee mmoja wa mvi hukaa meza ya pili kutoka mbele, alisoma Melbourne zamani na akakaa huko miaka mingi, aliniona venye nimekunja uso akavuta kiti akaja kwetu. "Kijana, umeelewa?" Nikamwambia hapana mzee. Akachukua karatasi ya menyu, akaigeuza, akatoa kalamu mfukoni.

Akachora yai. Huo ndo uwanja, duara refu, na ni mkubwa sana, na hakuna kipimo kimoja, kila uwanja una ukubwa wake. Ndani kuna watu 18 kila upande. Kila mwisho wa yai akachora vijiti vinne, viwili virefu katikati na viwili vifupi nje. Mpira ukipigwa teke ukapita katikati ya vile virefu bila kuguswa na mtu, hiyo ni goli na ni pointi 6. Ukipita kati ya mrefu na mfupi, hiyo inaitwa bihaindi na ni pointi 1. Goli likiingia yule refa wa golini anapeperusha bendera mbili, bihaindi bendera moja. Hakuna ofsaidi, mchezo ukiendelea mtu anaweza kuwa popote kwa hilo yai. Kutupa mpira kwa mkono hairuhusiwi, unauweka kwa kiganja kimoja na unaupiga na ngumi ya mkono ule mwingine umfikie mwenzako, ama unapiga teke. Ukikimbia nao lazima uudundishe ama uuguse chini kila mita 15. Na mtu akipiga teke mpira ukaenda mita 15 ama zaidi na wewe ukaudaka hewani safi, hapo kila kitu kinasimama, hakuna wa kukugusa, unapewa nafasi yako upige. Ndo maana wanaruka hivyo, mtu anapanda juu ya mabega ya mwenzake na magoti, anadaka mpira kule juu, na ni halali kabisa.

Robo ni nne, kila moja dakika 20, lakini saa inasimamishwa mpira ukitoka kwa hivyo robo moja inafika nusu saa. Na mwisho si filimbi, ni king'ora. Lakini kama ulikuwa umeshaudaka kabla king'ora kilie, bado unapiga teke lako na likiingia linahesabiwa. Hiyo sheria peke yake inatosha mtu asiondoke kwa kiti.

Basi 2023, tarehe 30 Septemba, Collingwood na Brisbane Lions, watu 100,024 ndani ya MCG. Hiyo ni kama ujaze Kasarani mara mbili. KISS, wale wazee wa roki wa kujipaka nyuso, ndo walipiga muziki kabla mechi ianze. Hotelini tulikuwa kama arobaini, Waaustralia labda sita, wengine ni sisi tu wa Nairobi, na venye chumba kiligawanyika ilinifurahisha sana: Brisbane ni simba, kwa hivyo karibu kila Mkenya ambaye hakuwa na timu akasema yeye ni Simba basi, imeisha. Collingwood jezi yao ni mistari nyeusi na nyeupe kama punda milia, na mzee akatueleza hiyo ni klabu ya watu wengi sana na ya maadui wengi sana, ukitaka kuelewa fikiria Gor Mahia, kila mtu ako na maoni juu yao. Mzee ni wa Collingwood damu. Alikuwa na skafu yao kwa shingo, na nje joto lilikuwa limeshaanza.

Kuna kijana wa Collingwood anaitwa Bobby Hill, mdogo wa mwili, na huyo mwaka uliotangulia alikuwa amepatikana na kansa akafanyiwa upasuaji. Akaruka juu ya beki wa Brisbane, Brandon Starcevich, akadaka mpira akiwa juu kabisa, na hoteli nzima, hata sisi wa Simba, tukasimama. Dada aliyekuwa anapita na trei akasimama nayo hivyo hivyo mpaka waonyeshe marudio. Hill alifunga magoli manne hiyo siku na ndo akapewa medali ya Norm Smith, ile ya mchezaji bora wa fainali kuu. Kitu kingine mzee alituambia mapumziko, ni kuwa kocha wa Collingwood, Craig McRae, asubuhi ya hiyo siku mke wake alikuwa amejifungua mtoto wa kike, yaani ametoka huko akaja uwanjani. Na huyo McRae kama mchezaji alibeba kombe mara tatu, 2001, 2002 na 2003, na timu ilikuwa hii hii Brisbane. Mama wa jikoni aliposikia hiyo ya mtoto akatoka jikoni akauliza, "mama yake ako salama?" Mzee akasema ako salama. Akarudi.

Mimi mpaka hapo nilikuwa nalaumu Collingwood, juu kila mara wanapiga mpira unapita kando ya vile virefu, nje kidogo, nje kidogo, na mimi kwa akili ya mpira wa kawaida naona ni watu wanakosa. Nikasema kwa sauti, hawa hawajui kulenga. Mzee bila kuniangalia akasema, "Hiyo si kukosa kijana, hiyo ni pointi, wewe hesabu tu." Akawa anaweka kijiti kimoja kimoja kwa ile karatasi ya menyu, magoli upande mmoja, bihaindi upande mwingine.

Robo ya nne sasa. Wanafukuzana, huyu mbele, yule mbele. Dakika kama tano zimebaki Charlie Cameron wa Brisbane anafunga, Simba wanaongoza, nusu ya hoteli iko juu ya viti, na hapo hapo stima inapotea. Pap. Giza jekundu la ile shuka na kimya. Sijawahi kusikia watu arobaini wamenyamaza hivyo. Jenereta wako nayo lakini iko chini nyuma, kijana akashuka zile ngazi za chuma mbili mbili, tukasikia anavuta kamba, inakohoa, inazima, inakohoa tena. Watu wote tukajazana kwa simu ya msichana mmoja alikuwa na bando, kichwa juu ya kichwa. Nilikuwa naona kona moja ya skrini tu, na kwa hiyo kona nikaona Jordan De Goey wa Collingwood amepiga teke kutoka mbali, na mzee nyuma yangu hakuwa anaona chochote, alikuwa ananishika bega anauliza "imeingia? imeingia?" Nikamwambia imeingia mzee. Akakaa chini.

Stima ya jenereta ikaja, projekta ikachukua muda wake kuwaka, na tukapata Steele Sidebottom akiwafungia Collingwood lingine kutoka mbali, alafu Joe Daniher akarudisha moja kwa Brisbane, na ile dakika ya mwisho sitaielezea juu bado kifua kinanibana nikiikumbuka, mpira uko kwa Brisbane, refa anaruhusu mchezo uendelee badala ya kusimamisha kwa faulo, watu wanapiga kelele simamisha, king'ora.

Collingwood 90, Brisbane 86.

Mzee akanipa ile karatasi. Hesabu mwenyewe, akasema. Brisbane walikuwa na magoli 13, Collingwood 12. Walioshindwa ndo walifunga magoli mengi. Lakini bihaindi Brisbane walikuwa na 8 na Collingwood 18. Kumi na mbili mara sita ni 72, ongeza 18, tisini. Zile zote nilikuwa naita kukosa ndo zilibeba kombe. Karatasi bado niko nayo, upande mmoja vijiti vya mzee na upande mwingine bei ya ndengu.

Kwa hivyo nikisema hoteli ni nzuri najua nasema nini. Stima ilipotea, sawa, hiyo inaweza kutokea popote Nairobi, lakini mwenye hoteli alikuja mbele akaomba msamaha, akaleta chai ya bure kwa kila meza, na mechi ilipoisha hakuna mtu alizima. Tuliachiwa tuone kombe likipeanwa, hotuba, medali, mpaka wale wachezaji wa Brisbane walikuwa wamekaa kwa nyasi na mikono kichwani. Mahali pengi wangeshaweka muziki saa hiyo.

Na hapo ndo naingia 2024 juu sifichi kitu. Hiyo ilikuwa tarehe 28 Septemba, Brisbane tena, safari hii na Sydney Swans, na mechi haikuwa mechi, Brisbane waliwapiga 120 kwa 60. Magoli 18 kwa 9. Sa robo ya tatu ikiwa inaendelea, kijana mpya wa spika akaona watu wameanza kupiga stori, akazima sauti ya mechi akaweka muziki. Iliniuma. Mtu ametoka kwake saa kumi na moja na nusu, amelipa kiingilio, alafu unamnyang'anya sauti ati juu timu moja imezidi? Sauti ya MCG ni nusu ya kitu unalipia. Hata mechi ikiwa imeamuliwa kuna mambo yanaendelea pale, kuna kijana Will Ashcroft alikuwa anajitengenezea medali yake ya Norm Smith kwa hizo dakika, kuna watu wa Brisbane wanaangalia timu yao ikichukua kombe la kwanza tangu 2003. Nilimwendea kijana nikamuomba vizuri akarudisha baada ya dakika kama kumi, alafu ikazimwa tena kabla ya hotuba. Nikamwambia mwenye hoteli wakati nalipa chai, si kwa hasira, nikamwambia tu, hii mmeharibu. Akanyamaza kidogo akasema nimeskia.

Lakini hata huo mwaka mbaya ulinipa kitu sikuwa nayo. Mapumziko, kijana mmoja wa kuhudumia, mtu wa Lodwar na amesoma sekondari Kakuma, akauliza mzee kama kuna mtu wa pande zetu hucheza huu mpira. Mzee akamwambia kaa chini. Akamweleza kuna Aliir Aliir, wazazi ni wa Sudan, na amezaliwa hapo hapo Kakuma, kambini, ndani ya Kenya, akaenda Australia akiwa mtoto. Alianza kucheza na hao hao Sydney walikuwa wanapigwa kwa ukuta, alafu akahamia Port Adelaide, na 2021 akaingia kwa timu ya mwaka ya ligi nzima. Na kabla yake kuna Majak Daw, mzaliwa wa Sudan, alifungua hiyo njia na North Melbourne 2013. Huyo kijana alikuwa ameshika trei tupu kwa magoti. Akauliza, "Kakuma ile yetu?" Mzee akasema, ile yenu. Akauliza mara ya pili. Alafu akatoa simu akatafuta picha za Aliir akiruka, akaenda kuonyesha mama wa jikoni, akaenda kuonyesha askari wa mlangoni, na meza yetu haikupata chai mpaka robo ya tatu ianze na hakuna mtu alilalamika.

Sa 2025, tarehe 27 Septemba. Nilienda na wasiwasi kidogo juu ya ile sauti. Nikifika nikaona kijana wa spika ni yule yule, na spika mbili mpya zimewekwa juu kwa kona, na mwenye hoteli akanionyesha kwa kidole bila kusema kitu. Sauti haikuzimwa hata sekunde moja, mpaka hotuba ya mwisho. Hiyo kwangu ni kubwa kuliko chakula. Pahali panakusikiliza unarudi.

Hii ya 2025 ndo ilikuwa imejaa kuliko zote, juu Snoop Dogg ndo alikuwa anatumbuiza kabla ya mechi, kwa hivyo kuna vijana walikuja saa kumi na mbili na nusu kwa sababu yake tu, na nilidhani akimaliza wataondoka. Wengi walibaki. Ilikuwa Brisbane mara ya tatu mfululizo kwa fainali, na Geelong, na mpaka mapumziko bado ilikuwa wazi kabisa, alafu kipindi cha pili Simba wakapaa, 122 kwa 75. Will Ashcroft tena akachukua Norm Smith, miaka miwili mfululizo. Na Lachie Neale wa Brisbane, ambaye alikuwa ameumia na wengi walisema hatacheza, akaanza kama wa akiba, akaingia, akafunga. Wale vijana wa Snoop walikuwa wanauliza mzee maswali yale yale niliuliza mimi, na mzee ametoa kalamu, na safari hii nilimsaidia kueleza hiyo ya bihaindi.

Mzee, kwa wanaomjua, bado hukaa meza ya pili, na hupenda kurudia ile stori ya 2010 wakati Collingwood na St Kilda walitoka sare 68 kwa 68 kwa fainali kuu na hakukuwa na muda wa ziada, king'ora kikalia watu hawajui washangilie ama walie, wakarudi wiki iliyofuata kucheza upya na Collingwood wakashinda 108 kwa 52. Siku hizi sare ikitokea wanaongeza muda hapo hapo. Muulize, ataeleza na kalamu.

Chakula. Chapati ni za kweli, za kukandwa asubuhi hiyo, laini, na zinaletwa moto. Supu iko sawa, ina pilipili ya kutosha na limau kando, lakini 2025 ilikuwa imeisha kabla ya robo ya pili kuisha na hiyo si sawa kama umeuza tiketi zinasema supu, wapike sufuria mbili. Kuna pai za nyama pia, 150, wanaweka hiyo siku tu juu Australia watu hula pai na sosi ya nyanya wakienda mpirani, na mwenye hoteli anataka iwe hivyo hivyo. Ya kwanza 2023 ilikuwa kavu nikaiacha nusu. Ya 2025 ilikuwa na mchuzi ndani, ganda linavunjika vizuri, nilikula mbili. Chai ni ya maziwa mengi na tangawizi, hapo sina neno.

Mabaya mengine niyaseme haraka. Choo ni kimoja kwa watu karibu themanini, na mapumziko ya katikati ni kama dakika 20 tu, kwa hivyo enda mpira ukiwa unachezwa mbali na goli ama vumilia. Viti vya plastiki vya nyuma vingine vimepasuka mguu, jaribu kabla hujakaa na uzito wote. Magari hayana pahali, njoo na matatu ama boda. Na stima, hata kama 2025 haikupotea, ningependa ile jenereta iwe inajiwasha yenyewe, juu dakika tano za mwisho za fainali kuu hazirudishwi na mtu.

Ukitaka kiti, piga simu wiki moja kabla uache jina, kiingilio unalipa mlangoni. Fika saa kumi na mbili unusu. Upande wa dirisha ndo mzuri kwa kuona ukuta, lakini uliza kwanza kama shuka imeshapigiliwa, na kama mama bado anakanda chapati mshikie kiti.